Mganga Asichukue Kisu cha Ngariba

Kila shule zinapofungwa mwezi Desemba, wakati wananchi wengi nchini wanajiandaa kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka, katika baadhi ya vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huanza shughuli nyingine. Ngoma husikika, vijana hucheza njiani, mifugo huchinjwa, na wasichana ambao wiki chache tu zilizopita walikuwa wameketi darasani huongozwa kwenda kukeketwa. Kwa mujibu wa mila za koo nyingi za Wakurya, shughuli hiyo hushamiri zaidi katika miaka ambayo hesabu yake hugawanyika kwa mbili. Kwa hiyo si jambo la kushtukiza. Linajulikana litafika lini, na kila mwenye dhamana anaweza kujiandaa.

Ubaya wa ukeketaji umekwisha kuelezwa mara nyingi na kwa ufasaha, wala hatukusudii leo kurudia maelezo hayo yote. Nia yetu ni kulitazama jambo hili kwa upande mmoja ambao haujapata kuzungumzwa vya kutosha, nao unamhusu mtumishi wa umma moja kwa moja. Ni upande wa mganga, muuguzi na mkunga.

Katika miaka ya karibuni yametolewa malalamiko hadharani kwamba baadhi ya watumishi wa afya wamekubali kuifanya kazi ya ngariba. Inasemwa kwamba kazi hiyo hufanyika kwa siri, aghalabu usiku na katika nyumba za watu, kwa ganzi na nyembe mpya, na kwamba mzazi hulipa. Ni haki kusema mara moja kwamba watumishi wa namna hiyo ni wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa masuala ya afya unaonyesha kwamba hapa nchini sehemu kubwa sana ya ukeketaji bado hufanywa na ngariba, na wauguzi na waganga walio wengi katika zahanati za mkoa wa Mara wanatimiza wajibu wao katika mazingira magumu. Lakini uchache wa kosa si sababu ya kulinyamazia. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ukiachwa hautavunja ukuta wa zahanati moja tu. Utavunja imani ya wananchi kwa taaluma nzima ya uganga.

Tuanze na hali ilivyo. Taifa letu limepiga hatua. Uchunguzi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha asilimia 10, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 8. Katika mkoa wa Mara peke yake idadi ilikuwa asilimia 32 mwaka 2015 na 2016, na asilimia 28 mwaka 2022. Takwimu hizo zinasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba mila hii inaweza kuondoka, kwa sababu inaondoka. La pili ni kwamba katika Mara inaondoka polepole mno, na kwamba karibu wanawake watatu katika kila kumi wa mkoa huo wanabeba kovu hilo hadi leo.

Sasa basi, mila inayopungua nguvu hutafuta mlango mwingine wa kupitia. Zamani nguvu yake ilikuwa katika woga wa wazee na heshima ya ukoo. Leo mzazi aliyesoma kidogo amekwisha kusikia habari za kuvuja damu, pepo punda na UKIMWI, na woga wake umehamia kwenye wembe uliotumika kwa wasichana wengi. Mzazi huyo yuko njia panda. Akipata mtu wa kumwambia kwamba jambo hilo ni baya kwa asili yake, ataliacha. Akipata mtu mwenye koti jeupe wa kumwambia kwamba linaweza kufanywa salama, atalifanya, na moyo wake utatulia. Hivyo mtumishi wa afya anayekubali kumkeketa mtoto mmoja anakuwa amewafundisha majirani kumi kwamba ubaya ulikuwa katika uchafu wa kisu tu, na kwamba tendo lenyewe halina kasoro.

Hoja ya watumishi hao inajulikana, na inafaa ijibiwe kwa heshima na kwa ukweli. Wao husema kwamba mtoto atakeketwa kwa vyovyote vile. Ikiwa hivyo ndivyo, wanauliza, si afadhali akeketwe na mtu anayejua mishipa ya damu ilipo, mwenye ganzi na dawa ya kuzuia vidonda visioze? Je, kupunguza madhara si sehemu ya uganga?

Jibu la kwanza ni kwamba hoja hiyo inaanza kwa kusalimu amri. Si kweli kwamba mtoto atakeketwa kwa vyovyote vile. Wasichana wengi wa Tarime na Serengeti wamekimbia usiku, wengine kwa miguu, ili wasikeketwe, na wamepokelewa katika vituo vya hifadhi kama kile cha Masanga, wilayani Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya uongozi wa Ndugu Rhobi Samwelly, mwanamke ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana. Ikiwa mtoto wa darasa la sita anathubutu kuvuka mto na pori gizani ili kuukataa wembe, mtu mzima mwenye cheti cha taaluma na mshahara wa Serikali atasemaje kwamba yeye hakuwa na njia?

Jibu la pili ni la kitaalamu. Ganzi huondoa maumivu ya saa ile tu. Haimrudishii msichana kiungo kilichokatwa, wala haizuii kovu kukakamaa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliowahusu wanawake 28,393 waliojifungua katika vituo vya uzazi vya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Ilionekana kwamba wanawake waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa kupasuliwa na ya kutokwa na damu nyingi baada ya uzazi, na kwamba watoto wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa wakati wa kuzaliwa au mara baadaye. Hatari hizo hutokana na kovu, na kovu halina habari kama wembe ulichemshwa au haukuchemshwa. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2025, limeonya pia kwamba ukeketaji unaofanywa na wataalamu unaweza kuwa wa hatari zaidi, kwa kuwa unaweza kuwa na majeraha makubwa na ya kina zaidi. Mtoto aliyetiwa ganzi hajitupi wala halii, na mkono wa mkataji hauna cha kuuzuia.

Jibu la tatu linatokana na mambo yaliyokwisha kuonekana katika nchi nyingine. Misri ni nchi yenye madaktari wengi na hospitali kubwa. Huko, kwa miaka mingi, kazi ya kukeketa ilihama kutoka kwa wakunga wa jadi ikaingia mikononi mwa madaktari na wauguzi, na wapo waliodhani kwamba hiyo ilikuwa hatua ya mpito kuelekea kuikomesha. Haikuwa hivyo. Mila ilipata nyumba mpya yenye vigae vyeupe, ikatulia humo. Wasichana waliendelea kufa mikononi mwa wataalamu, mpaka Serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku kabisa mwaka 2007 na kutunga sheria mwaka 2008. Hata hivyo ilichukua hadi Januari 2015 kwa daktari wa kwanza kutiwa hatiani, baada ya kifo cha msichana mmoja mwaka 2013. Leo inakisiwa kwamba duniani kote, mwanamke mmoja katika kila wanne waliokeketwa alikeketwa na mtumishi wa afya. Hayo ndiyo matunda ya kile kilichoitwa kupunguza madhara.

Wazee wa Kikurya nao wana swali lao, na si la kudharauliwa. Wanauliza, mbona wavulana mnawatahiri hospitalini, tena bila malipo, na hamsemi kwamba ni kosa? Kwa nini kwa mwanamume kisu kiwe tiba na kwa mwanamke kiwe jinai? Mtumishi wa afya asiyejua kulijibu swali hili hafai kusimama mbele ya baraza la kijiji. Jibu lake ni kwamba mambo hayo mawili yanafanana kwa jina tu. Tohara ya mwanamume huondoa ngozi ya mbele na kukiacha kiungo kikifanya kazi yake yote, na uchunguzi uliofanyika Afrika ya Kusini, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI kutoka kwa mwanamke. Ndiyo sababu mwaka 2007 ilishauriwa rasmi kuwa sehemu ya kinga. Ukeketaji huondoa sehemu ya kiungo chenyewe, hauna faida hata moja kwa afya, na madhara yake hudumu maisha yote. Mganga hufanya lile kwa sababu lina faida kwa anayefanyiwa, na hulikataa hili kwa sababu halina.

Tukija kwenye sheria, hakuna mtumishi anayeweza kudai kwamba hakujua. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, ambacho kinamhesabu kuwa mkosaji mtu mwenye malezi, uangalizi au dhamana ya mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 akisababisha mtoto huyo akeketwe. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitano na kisichozidi kumi na mitano, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na fidia kwa aliyetendewa. Tunasisitiza neno dhamana. Mtoto aliyewekwa juu ya kitanda mbele ya muuguzi yuko katika dhamana ya muuguzi huyo, na kwa maoni yetu hakuna uangalizi ulio mzito kuliko huo.

Ni kweli kwamba sheria hiyo ina upungufu. Inamtaja aliye chini ya miaka 18 na kunyamaza juu ya aliyevuka umri huo. Wapo wanaoutumia ukimya huo, wakisubiri binti atimize miaka, au wakimshinikiza mke kijana akeketwe baada ya kuolewa. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuliona jambo hili. Sheria yao ya mwaka 2011 haichagui umri, inamfikia pia mwananchi wao anayevuka mpaka kwenda kutenda kosa hilo, na kifo kikitokea adhabu yaweza kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 daktari mmoja wa huko, Dkt. Tatu Kamau, aliipinga mahakamani, akidai kwamba mwanamke mtu mzima awe na hiari ya kukeketwa na kuhudumiwa hospitalini. Machi 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali madai hayo. Mpaka wa Sirari ni njia ya watu na ng'ombe, na ukoo mmoja huishi pande zote mbili. Nchi za ukanda huu zilipokutana Mombasa Aprili 2019 zilikubaliana kushirikiana kuukomesha ukeketaji wa kuvuka mipaka. Tunaamini umefika wakati kwa sheria yetu nayo kuzibwa pengo hilo, ili msichana asivushwe kutoka upande wenye sheria kali kwenda upande wenye sheria nyepesi.

Hata hivyo, mtumishi wa afya hapaswi kungoja sheria ya jinai imwambie la kufanya. Sheria ya jinai huweka mpaka wa chini kabisa, ambao mtu akiuvuka hufungwa. Miiko ya taaluma huweka kiwango cha juu zaidi, ambacho mtu asiyekifikia hastahili kuitwa mganga hata kama hajavunja kifungu chochote. Chama cha Madaktari Duniani kililaani ushiriki wa madaktari katika ukeketaji tangu mwaka 1993. Hapa kwetu Baraza la Madaktari Tanganyika, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, yamepewa na sheria uwezo wa kusimamia mwenendo wa wanataaluma na hata kuwafuta katika daftari. Mabaraza hayo hayahitaji kungoja hukumu ya jela. Yakipata ushahidi kwamba mwanataaluma amemkeketa mtu, awe mtoto au mtu mzima, awe ameombwa au hakuombwa, yatumie uwezo huo na kutangaza kwamba yameutumia, ili kila mwenye cheti ukutani ajue thamani yake.

Lipo suala jingine gumu zaidi, ambalo linawasumbua watumishi waaminifu. Ni suala la siri ya mgonjwa. Muuguzi wa kliniki anamwona mtoto mwenye jeraha lililo bichi. Mkunga anampokea mzazi mwenye kovu la siku nyingi. Akisema, atakuwa amevunja siri. Akinyamaza, atakuwa ameshiriki. Afanyeje?

Maoni yetu ni kwamba hali hizo mbili zitenganishwe. Mtoto ni mtu ambaye hawezi kujisemea, na mara nyingi anayemleta zahanati ndiye aliyempeleka kwa ngariba. Siri katika hali hiyo inamlinda mkosaji na kumwacha mgonjwa. Wajibu wa mtumishi ni kumtibu kwanza, bila masharti na bila kumfokea mtu, kisha kutoa taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na kuijaza fomu ya PF3 kwa ukweli. Mashauri hushindwa mahakamani kwa fomu iliyojazwa nusu nusu au kwa shahidi wa kitaalamu ambaye siku ya kesi hakutokea. Kalamu ya mganga ina nguvu ya kumwokoa mtoto anayefuata.

Lakini mwanamke mzima aliyekeketwa miaka mingi iliyopita, anayefika kujifungua, ni mgonjwa na wala si mshtakiwa. Huyo astahili siri kamili, huduma ya uangalifu zaidi, na maneno ya upole. Na huyo ndiye mwalimu tunayemhitaji, kwa kuwa anatazamia kupata mtoto na huenda ni wa kike. Mkunga anayemweleza kwa utulivu kwamba uchungu aliopata ulitokana na kovu lile anaweza kuukata mnyororo ambao umepita kwa bibi na mama. Kwa sababu hiyo hiyo tunakataa wazo lolote la kuwapanga wasichana mstari, shuleni au zahanati, ili wakaguliwe kwa nguvu kama wamekeketwa. Kumvua mtoto nguo bila ridhaa kwa jina la kumlinda ni kumvunjia heshima mara ya pili, na kunawafanya akina mama waikimbie zahanati wakati wanapoihitaji zaidi.

Hapo tunafikia kiini cha hoja yetu. Uwezo wa muuguzi wa kusema hapana siku ya ukeketaji haujengwi siku hiyo. Hujengwa kila asubuhi dirishani. Mwananchi aliyetoka Machochwe au Nyamwaga akiwa na mtoto mwenye homa, akafika akakuta mlango umefungwa saa nne, akajibiwa kwa kejeli, akaambiwa dawa hakuna kisha akaiona ikiuzwa duka la pili, mwananchi huyo hatamsikiliza mtumishi yule yule akimwambia kwamba mila ya babu zake ni mbaya. Atamwona ni mtu anayeuza kila kitu, na atashangaa kwa nini anakataa kuuza hili. Rushwa ndogo ya dirishani na rushwa kubwa ya usiku ni ndugu wa tumbo moja. Anayezoea kupokea elfu mbili ili ampitishe mtu mbele ya foleni amekwisha kujifunza kwamba huduma ni bidhaa, na siku mzazi atakapoweka mezani fedha nyingi zaidi kwa ajili ya binti yake, tofauti itakuwa ya bei tu.

Kadhalika kinyume chake ni kweli. Mkunga anayejulikana kijijini kwa kuamka saa nane za usiku bila kudai kitu, anayewaita wazee kwa heshima yao na wagonjwa kwa majina yao, ana mamlaka ambayo hata Mkuu wa Wilaya hana. Neno lake moja kwa mama mkwe hufanya kazi kuliko mabango kumi. Nchi yetu iliwahi kubishana juu ya uganga wa kutafuta faida. Mwaka 1977 ulipigwa marufuku kwa sheria, na mwaka 1991 ukaruhusiwa tena. Watu waweza kutofautiana juu ya uamuzi huo wala wa huu. Lakini katika nyakati zote mbili hakuna aliyewahi kusema kwamba mwili wa mtoto ni mali inayoweza kuwekewa bei.

Itakuwa si haki kumtwisha muuguzi mzigo huu wote peke yake. Tumfikirie yule aliyepangwa kwenye zahanati ya mbali, labda mtumishi mmoja au wawili katika kijiji kizima. Anaishi miongoni mwa wanaomwomba. Huenda ni binti wa ukoo ule ule, na mama yake mzazi anaulizwa sokoni kwa nini mwanawe anajifanya mzungu. Inchama, yaani baraza la siri la wazee, linaogopwa kwa laana yake, na laana katika nchi ile si neno la mchezo. Inafahamika pia kwamba malipo ya kila msichana hugawanywa kati ya ngariba na wazee, kwa hiyo anayekataa amegusa mila na pato kwa pamoja. Mtumishi wa namna hiyo akiachwa bila msaada tutakuwa tunamdai ushujaa ambao sisi tuliokaa mjini hatujaombwa kuuonyesha.

Kwa hiyo waajiri wanao wajibu ulio wazi. Waganga Wakuu wa halmashauri wazitembelee zahanati za pembezoni mwezi Oktoba na Novemba, kabla ya msimu, wala si Januari baada ya majeraha. Wawape watumishi wao agizo la maandishi, ili anayeshinikizwa aweze kusema kwamba mkono wake umefungwa na ofisi. Mtumishi anayetoa taarifa jina lake lilindwe, na akitishwa ahamishwe kwa heshima badala ya kuadhibiwa kwa uhamisho. Vifaa na dawa za ganzi vihesabiwe kwa makini katika miezi hiyo, kwa kuwa kinachotumika usiku hutoka katika kabati linalofungwa mchana. Na mshahara na stahili zake zilipwe kwa wakati, maana mtu anayedai malimbikizo hujaribiwa kirahisi zaidi. Hilo halimpi udhuru. Linampunguzia kishawishi.

Walimu nao, ambao ni sehemu kubwa ya wasomaji wetu, wasidhani kwamba hili ni jambo la idara ya afya. Mwalimu ndiye wa kwanza kuona msichana aliyekuwa hodari amekuwa mnyamavu mwezi Novemba. Ndiye anayejua nani hakurudi Januari, na nani amerudi akitembea kwa shida. Daftari la mahudhurio ni ushahidi. Wazee wa idara ya elimu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio na kujadiliana juu ya magonjwa, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Haikufanikiwa kwa kuwakaripia watu. Ilifanikiwa kwa kuwapa elimu, ikawaacha wajadili, na ikawadai watende. Hakuna sababu ya mwalimu na muuguzi wa kata moja kutokaa meza moja na wazazi kwa namna hiyo hiyo leo, wakiwamo wanaume, kwa kuwa mwanamume ndiye anayetoa ng'ombe na ndiye anayetangaza kwamba hataoa asiyekeketwa.

Kuhusu wazee wa mila, hatuna nia ya kuwatukana. Jamii ya Wakurya ina mengi ya kujivunia, na desturi ya kumfundisha kijana wajibu wake anapoingia utu uzima ni jambo jema ambalo taifa zima linaweza kujifunza. Mafundisho hayo yabaki, ngoma ibaki, na sherehe ibaki. Kinachotakiwa kuondoka ni wembe peke yake. Tayari wapo wazazi waliokubali mabinti zao wapewe mafunzo hayo bila kukatwa, na mabinti hao hawakupungukiwa utu wala adabu.

Mwalimu Nyerere, ambaye alizaliwa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, alilihimiza taifa kupigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mganga aliwekwa kuwa askari wa mstari wa mbele katika vita hivyo. Askari anayeuza risasi kwa adui hawezi kujitetea kwamba alitaka adui alenge vizuri ili watu waumie kidogo.

Ngariba ambaye hakusoma anaweza kusema kwamba alirithi kisu kutoka kwa bibi yake na hakuwahi kuambiwa madhara yake. Mtumishi wa afya hana neno hilo. Elimu aliyonayo ililipiwa na kodi ya wakulima na wafugaji, wakiwamo wazazi wa wasichana hao wa Tarime na Serengeti, ili iwalinde watoto wao. Shule zitafungwa tena Desemba, na mlango wa muuguzi utagongwa usiku. Tunamsihi afungue, amkaribishe mzazi, amsikilize hadi mwisho, kisha amjibu kwa upole na kwa uthabiti kwamba mikono hii ilifundishwa kutibu, na kwamba binti yake ni mzima, hana ugonjwa wa kukatiwa kitu.